Usiniulize chaja ya ampea ngapi kabla hujaniambia betri ni ya ngapi

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, "shikamoo fundi, nimetoa seli nne kwenye betri ya laptopu iliyokufa nataka nitengeneze pawabenki, niweke chaja ya ampea ngapi ijae chapu?" Marahaba mdogo wangu. Swali zuri ila umelianzia mkiani, na kwa vile maswali haya yanaingia kila wiki leo naandika kabisa, mtanivumilia maana kuna kisa cha kinyozi lazima nikitoe moyoni.

Betri ya lithiamu haijali chaja imeandikwa nini, inajali ukubwa wake yenyewe. Seli ya 2500 mAh (miliampea-saa, ndo kipimo cha ukubwa wa betri) ukiichaji kwa ampea 2.5, yaani sawa na ukubwa wake, hiyo tunaita 1C, kwa ampea 1.25 ni nusu C, na nusu hiyo ndo watengenezaji wengi wanaiita chaji ya kawaida. Chukua Samsung 25R, ni 2500 mAh, datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inasema kawaida ampea 1.25, haraka ampea 4. Watu wakiona hiyo 4 macho yanawatoka! Hiyo ni ya seli ile, tena nzima, siyo ya kila seli yenye umbo lile uliyoitoa kwenye laptopu ya mtu. Kama huijui seli shika nusu, kama imechakaa shuka robo.

Sasa kinyozi. Ni mteja wangu wa muda, ana saluni yenye foleni, akaniletea mashine ya kunyolea isiyo na waya betri imekufa. Ndani nikakuta seli ndogo ya 14500, nikampa mpya ya 700 mAh na moduli ya TP4056, ile saketi ndogo ya bluu ya kuchajia lithiamu. Moduli ile dukani inakuja na rizista ya 1.2k, yaani omu 1200, ndo inayopanga mkondo, maana yake inasukuma ampea 1 nzima, kwa seli ya 700 hiyo ni karibu mara moja na nusu ya ukubwa wake. Kwa hiyo nikaing'oa rizista nikaweka ya 3.3k, ikashuka mpaka kama miliampea 360. Hesabu yake ni rahisi, 1200 gawa kwa omu za rizista unapata ampea, siyo kamili sana kwenye rizista kubwa ila inatosha. Kazi safi, nikaridhika nayo.

Siku ya pili kanipigia. Mashine inachukua zaidi ya masaa mawili kujaa, "we fundi umeniwekea chaji ya kobe", na akaisema hivyo hivyo kwenye grupu la vinyozi, tena kwa voisi, watu wakacheka. Nikamwambia nunua mashine ya pili moja ikae chaji nyingine ifanye kazi, akaona namtafutia matumizi. Akaipeleka kwa fundi mwingine, jamaa akachomoa moduli yangu akaweka nyingine kama ilivyotoka dukani, nusu ya muda imejaa, shangwe. Ilipita miezi michache tu mashine ikawa inazima katikati ya kichwa cha mteja, kuna mmoja alikaa na upara wa upande mmoja anasubiri betri ichaji, na mashine yenyewe ikitoka kwenye chaji huwezi kuishika vizuri kwa moto. Leo vinyozi wa lile grupu wananiletea mashine zao kimya kimya. Kinyozi mwenyewe hajawahi kusema hata pole, na ile voisi bado ninayo.

Kinachotokea ndani ni hivi. Ukichaji, ayoni za lithiamu zinahama upande mmoja kwenda kujipanga ndani ya grafaiti upande wa pili, na zinaingia kwa mwendo wake, abiria wa daladala yenye mlango mmoja. Ukizisukuma kuliko zinavyoweza kuingia zinabaki nje juu ya grafaiti zinageuka lithiamu ya chuma, hiyo hairudi yote kazini, ndo uwezo unapungua, na ikizidi kuota inaweza kutoboa utando wa katikati na hapo ndo tunaongelea moto. Seli iliyozeeka inapokea taratibu zaidi. Baridi nayo hivyo hivyo, chini ya nyuzi 0 usichaji kabisa, najua wa Dar mnacheka ila kuna watu wa Makete wananisoma na kule barafu ya asubuhi wanaijua.

Halafu kuongeza ampea mara mbili hakupunguzi muda nusu. Seli ikifika volti 4.2 mkondo unaanza kushuka wenyewe mpaka ijae, TP4056 inakata ukibaki sehemu ya kumi ya ule uliouweka, na kipande hicho cha mwisho ni kirefu hata usukume vipi. Vijana mnaharaka sana jamani. Mnataka betri ijae kwa dakika ishirini halafu idumu miaka mitano, mmeona wapi?

Haya, wewe wa seli nne. Nyingi za laptopu za zamani ni 2200 mAh zikiwa mpya, nne sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni 8800, moduli ya ampea 1 itakupa kama masaa tisa na zaidi, kila seli inapata robo ampea tu, salama kabisa, acha usiku uingie. Hofu yangu kwako haipo kwenye chaja. Ukiunga seli yenye volti 4.1 na yenye 3.3, iliyojaa inaichaji iliyoisha na hakuna moduli ya kuizuia: tofauti ni 0.8, ukinzani wa seli mbili na waya tuseme omu 0.1, hiyo ni ampea 8 papo hapo. Chaji kila moja peke yake mpaka zilingane, ndo uunge. Iliyokaa karibu na volti sifuri kwa muda mrefu tupa, usiihurumie.

Na zile seli za 18650, umbo lile lile la za laptopu, zilizoandikwa 9900 mAh ni uongo mtupu, hata zile nzuri za sokoni nyingi zinaishia 3500 hivi. Ubaya wake siyo kuibiwa tu, ukiamini lebo ukapiga nusu unapata karibu ampea 5 kwenye seli ambayo pengine haifiki hata 1000. Ipime kwenye mzani, ya kweli ina kama gramu 45, feki nyingi ni nyepesi mno.

Ukishabadilisha rizista chaji ya kwanza kaa nayo mwenyewe, juu ya simenti au kigae, siyo kitandani. Iguse guse. Vuguvugu sawa, ikiwa ya moto kiasi huwezi kuishikilia chomoa, angalia tena rizista uliyoweka na uipime seli upya kabla hujairudisha.