Kishikwambi hakijai kwenye kompyuta? Soma hapa kabla hujalaumu betri

Walimu wenzangu, wengi wetu tuligawiwa vishikwambi baada ya Sensa ya 2022. Changu nilizoea kukichomeka kwenye kompyuta ya ofisini, maana soketi ya ukutani ni moja na tunaigombea. Siku moja nilikichomeka saa mbili asubuhi kikiwa na asilimia 34, nikaendelea kuandika andalio la somo kwenye kishikwambi hichohicho. Saa sita mchana natazama: asilimia 29. Waya umekaa sawasawa, alama ya radi ipo, na chaji imeshuka!

Nilikuwa tayari kutoa hela ya betri mpya. Bahati nzuri nikaigeuza chaja yake na kusoma yale maandishi madogo: 5V, 2A. Yaani volti 5 mara ampea 2, sawa na wati 10. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta limepangiwa ampea 0.5, sawa na wati 2.5, robo tu ya chaja. La USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la buluu kwa ndani, hufika ampea 0.9. Sasa kioo kikiwa na mwanga mkali na intaneti imewashwa, kishikwambi kinaweza kula kuliko wati hizo mbili na nusu. Kinachoingia chote kinaliwa, na betri inafidia pengo.

Kwa hiyo kama huna njia ila kompyuta, kizime kabisa. Usikitumie kabisa wakati huo, hata kwa dakika tano za WhatsApp. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, kwa sababu hapo unagawana kidogo hicho na mausi na flashi. Waya mrefu na mwembamba nao unapoteza umeme njiani. Halafu hakikisha kompyuta haisinzii. Nyingi zikilala zinakata umeme wa USB.

Umeme ukikatika, fikiria mara mbili: kishikwambi kitainyonya laptopu yako. Hata chaja ndogo ya simu ya ampea 1 inatoa mara mbili ya tundu la USB 2.0, basi ukipata soketi, itumie.

Juzi nilikizima kikiwa na asilimia 30, nikakiacha kwenye kompyuta ileile kuanzia saa mbili hadi saa sita. Nilipokiwasha kilisoma 62.