Pleya ya mamilioni, anga bado lina ngazi-ngazi: majibu ya maswali yenu

Maswali ya picha mbovu kwenye mitambo ya bei kubwa yamezidi, nikaona leo niyajibu kwa mkupuo. Mengi mzizi wake ni mmoja, watu wanahangaika na pleya na skrini, wanauza, wananunua, kumbe ugonjwa uko kwenye faili la filamu lenyewe.

Shikamoo fundi. Nimefunga chumba cha sinema nyumbani, projekta ya 4K, skrini inchi 120, na seva ya filamu (kisanduku kinachohifadhi na kucheza filamu) ya bei kubwa sana. Kuna filamu moja, jua likizama anga linatoka mistari-mistari kama ngazi badala ya rangi kuyeyuka taratibu. Aliyeniuzia anasema projekta ndo mbovu nibadilishe. Nifanyeje? (Msomaji, Mikocheni)

Marahaba. Kwanza usibadilishe chochote, mfuko ufunge kabisa mpaka umalize kusoma hapa.

Hizo ngazi zinatokea hivi. Kila rangi kwenye picha inaandikwa kwa namba. Blu-ray ya kawaida, ile iliyoingia sokoni 2006, inatumia biti 8, yaani kutoka giza mpaka mwanga kuna hatua 256 tu. Ultra HD Blu-ray ya 2016 ikaja na biti 10, hatua 1,024. Sasa chukua anga la machweo, limejaa sehemu kubwa ya skrini yako lakini rangi yake inabadilika kidogo mno, labda kwenye biti 8 linapata hatua 20 hivi, na kwa skrini ya inchi 120 anga la urefu wa mita moja ukiligawa kwa 20 kila ngazi inakuwa na sentimita tano. Sentimita tano unaziona hata ukiwa umekaa kochi la nyuma!

Lakini we una faili la 4K la biti 10, kwa nini bado? Hapa ndo watu wengi hawaambiwi ukweli. Filamu ya 4K kabla haijabanwa, kwa biti 10 na fremu (picha moja-moja) 24 kila sekunde, ni kama megabiti 3,000 kwa sekunde, filamu ya saa mbili ingekula gigabaiti 2,700 hivi. Diski kubwa kabisa ya Ultra HD inabeba gigabaiti 100. Kwa hiyo lazima ibanwe, na mashine ya kubana (enkoda tunaiita) kazi yake ni kuchagua kipi kitupwe. Ikifika kwenye anga inaona sehemu kubwa, laini, haina kitu, basi inakata biti pale ili izitumie kwenye nyuso na majani. Na ule mchanga mwembamba sana wa picha ambao ulikuwa unaficha mipaka ya hatua, enkoda inaufagia, mipaka inabaki uchi. Biti 10 zipo kwenye makaratasi lakini kazi imeharibika kabla faili halijafika kwako.

Kipimo chake hakina gharama. Tafuta dakika na sekunde kamili ya lile anga, simamisha picha, angalia mistari imekaa wapi, piga picha kwa simu. Halafu cheza filamu hiyohiyo kwenye skrini nyingine kabisa, hata TV ya sebuleni, simamisha palepale. Mistari ikiwa mahali palepale, faili ndo lina makosa na projekta yako haina hatia. Ikiwa TV ni safi basi rudi kwenye projekta, zima vile vitu vya kusafisha picha na vya kuongeza kontrasti vyenyewe, kisha ingia setingi za pleya uone kama haijafungwa itoe biti 8 kwenye waya wa HDMI unaoenda kwenye skrini, hiyo nayo naikuta sana.

Nilishamfungia mteja mmoja mtambo, tatizo ni hili hili lako, tukabadilisha pleya, tukabadilisha na kebo, wiki tatu zimeisha, mzee wa watu hana raha. Siku moja jamaa yake akaja na diski ya filamu ileile. Anga safi! Faili alilonunua lilikuwa enkodi mbaya, yaani limebanwa vibaya, basi. Tangu siku hiyo nikiitwa naanza na faili kabla sijagusa waya.

Niaje mkuu. Niko Nairobi, nina pleya ya Oppo ya zamani ya 4K, mse wa duka ananiambia pleya mpya ya bei mara tano inadikodi picha vizuri zaidi. Ni ukweli? (South B)

Kwenye kudikodi kwenyewe, yaani kulifungua faili lililobanwa, hapana. Kodeki (kanuni ya kubana na kufungua video) ya H.264 ya 2003 na HEVC ya 2013 zimeandikwa kwa namna ambayo jibu ni moja tu, faili lilelile likiingia kwenye pleya yoyote inayofuata kanuni, pikseli (nukta za picha) zinazotoka ni zilezile namba kwa namba. Ni kama hesabu ya kujumlisha, kikokotoo cha bei kubwa hakitoi jumla nzuri zaidi. MPEG-2 ya DVD ndo iliacha mwanya mdogo wa tofauti.

Tofauti inaingia baada ya hapo. Kwenye diski na faili za filamu rangi haihifadhiwi kwa ukubwa wote, mwanga una pikseli 3840 kwa 2160 lakini rangi inahifadhiwa 1920 kwa 1080, robo tu, halafu kifaa kinaikuza tena, na pleya nyingine zinakuza vizuri nyingine ovyo. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Don Munsil na Stacey Spears, walionyesha kwamba DVD pleya nyingi, na za bei kubwa zikiwemo, zilikuwa zinakosea hapohapo, kingo za vitu vyekundu zinatoka meno-meno. Hivyo pleya ina umuhimu kwenye kukuza rangi, kukuza picha ya DVD mpaka 4K, na kupunguza mwanga wa HDR (picha zenye mwanga mkali kuliko kawaida) ili utoshe kwenye projekta isiyo na nguvu. Hicho cha mwisho kama una projekta ndo sababu ya maana ya kulipa zaidi. Kama una TV nzuri baki na Oppo yako, ni kweli waliacha kutengeneza 2018 lakini hesabu ya HEVC haijabadilika.

Nimenunua diski ya 4K ya filamu ya miaka ya 70, picha nzima ina chengachenga zinachezacheza. Ni enkodi mbovu au diski ni feki? (Msomaji, Arusha)

Dada yangu hapo umepata mali, usiirudishe dukani. Hizo si chenga kama zile za antena, ni chembe za filamu yenyewe. Zamani walipiga picha kwenye utepe wenye chembe za fedha, kila fremu chembe zake zimekaa tofauti, na ukuta, ngozi, kitambaa, vyote vimechorwa kwa hizo chembe. Ukizifuta unafuta na sura.

Na hizi chembe enkoda hazipendi hata kidogo. Kubana video kunategemea fremu inayofuata kufanana na iliyopita, enkoda inaandika kilichobadilika tu. Chembe zinabadilika zote kila fremu mara 24 kwa sekunde, hakuna cha kubahatisha hapo, lazima uzilipie kwa biti. Ndo maana mafundi wengine wanachukua njia ya mkato wanazifuta kabla ya kubana, faili linakuwa dogo, na waigizaji wanatoka na nyuso kama za nta, mtu wa miaka 60 hana hata mkunjo! Hilo linaniuma kuliko kasoro nyingine yoyote maana aliyepiga ile picha alichagua utepe ule, alichagua mwanga ule, halafu mtu anakuja kuupiga pasi.

Ukitaka kujua enkodi nzuri sogea karibu na skrini. Chembe kwenye enkodi nzuri ni ndogo, kali, zinabadilika kila fremu. Kwenye enkodi mbaya zinaganda kwa muda halafu zinaruka kwa pamoja, au zinaungana zinakuwa madoa. Kodeki ya AV1 ya 2018 imekuja na ujanja wake, inaondoa chembe, inaandika zilikuwa za namna gani, kisha pleya inazitengeneza upya wakati wa kucheza. Kwa kustrimu ni msaada mkubwa, ila zile ni chembe za kufananisha, si zile zilizokuwa kwenye utepe.

Boss muvi zangu nawekewa kwenye flashi, zimeandikwa 4K, kila moja GB 2. Mbona kwenye TV yangu mpya zinaonekana hovyo kuliko DVD? (Kariakoo)

Piga hesabu. GB 2 kwa saa mbili ni megabiti kama 2 na kidogo kwa sekunde, wakati DVD ya tangu miaka ya 90, ambayo pikseli zake ni chache mno, inaruhusiwa mpaka 9.8. Neno 4K linahesabu pikseli tu, halisemi ndani ya hizo pikseli mmeweka nini. Na mara nyingi faili la namna hiyo limebanwa kutoka kwenye faili lingine ambalo nalo lilishabanwa. Nazi ukiikamua tui la kwanza ni zito, la pili jepesi, ya tatu unakamua chicha, weka maji unavyotaka utapata maji meupe. Kosa la enkodi ya kwanza linaingia kwenye ya pili kama sehemu ya picha, na ya pili inaongeza makosa yake juu.

Kuna kebo ya HDMI naambiwa inaleta rangi nzito na kuondoa vibox (vijisanduku kwenye picha). Ninunue? (Mombasa)

Usinunue. Kebo ya HDMI ikishindwa utaona nyota-nyota nyeupe, au picha inakatika inakuwa nyeusi sekunde mbili inarudi. Vibox na ngazi haviwezi kutoka kwenye kebo. Nunua inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde na iwe fupi kadri unavyoweza, hela iliyobaki kanunue mapazia mazito ya kuzuia mwanga.

Asalaam alaikum. Niko Muscat, faiba yangu ni kali sana, nastrimu 4K, lakini matukio ya usiku kwenye pembe za giza naona vijisanduku vinachezacheza. Niongeze spidi? (Msomaji)

Wa alaikum salaam. Spidi haitakusaidia ndugu yangu, na hili watu wengi wanalipia bure. Faili la kustrimu linakuwa limeshabanwa huko kwenye seva katika viwango kadhaa, ukishafikia kiwango cha juu kabisa hakuna kingine cha kukupa. Netflix wenyewe kwa 4K wanataka intaneti ya megabiti 15 tu, kwa hiyo ukiwa na 500 zile nyingine zimekaa bure. Video ya Ultra HD Blu-ray inaruhusiwa kufika megabiti 100 hivi, hapo ndo tofauti ilipo.

Vijisanduku ni kwa sababu enkoda inakata picha vipande vya mraba, H.264 pikseli 16 kwa 16, HEVC mpaka 64 kwa 64, na biti zikiisha kila kipande kinapakwa karibu rangi moja. Gizani ndo inabania zaidi, inaamini huoni. Sebuleni taa zikiwaka kweli huoni, ila we umezima kila kitu na una skrini inayotoa weusi halisi, basi unaona hadi walichodhani wamekificha. Angalia tu kama hujapandisha braitinesi kupita kiasi, na kama pleya na TV zote zimewekwa kwenye aina moja ya kiwango cha weusi, 16 mpaka 235 kwa zote mbili. Zikipishana weusi unakuwa kijivu na kila uchafu unatokeza, au kinyume chake giza lote linazama huoni kitu. Filamu za usiku unazozipenda kweli, tafuta diski zake.

Kamera ikipita polepole picha inashtuka-shtuka, mara mbili hivi kila sekunde. Kisanduku changu cha kuchezea filamu ni kizuri tu. (Msomaji, Unguja)

Umehesabu vizuri sana, mara mbili ndo jibu lenyewe. Filamu ni fremu 24, kisanduku chako kimewekwa kutoa 50 kama TV zetu za huku, 24 mara mbili ni 48, zinabaki mbili za kujazia kila sekunde na kila ikijazia unaona mshtuko. Ingia setingi uruhusu kisanduku kifuate fremu za filamu yenyewe, au chagua 24. Faili halina kosa. (DVD za PAL, mfumo wa TV wa fremu 25, walikwepa hili kwa kuikimbiza filamu ifike 25, ndo maana filamu ya dakika 120 inaisha kwa 115 na sauti imepanda kidogo.)

Nimefanya kipimo ulichowahi kunieleza, mistari iko palepale kwenye skrini mbili. Sasa nimlalamikie nani? (Msomaji, Dodoma)

Aliyekuuzia faili. Na wewe una bahati kuliko mwenye diski, diski ikishachapwa imechapwa, mpaka studio ikubali kuchapa nyingine, lakini faili linaweza kuenkodiwa upya ukalishusha tena.

Ila usiandike "picha mbovu", watakujibu uzime uwashe. Andika jina la filamu na toleo lake, saa, dakika na sekunde, kitu kipo sehemu gani ya skrini, umekiona kwenye vifaa gani viwili, kama HDR ilikuwa imewashwa, na kama una diski ya filamu hiyohiyo sema pale pakoje kwenye diski. Weka na picha mbili za simu zilizopigwa skrini ikiwa imesimamishwa, moja ya kila kifaa, projekta isikae kwenye ile setingi ya rangi kali. Wakikwambia limerekebishwa, futa faili la zamani kwanza, maana seva nyingine zinaendelea kucheza lile lililopo kwenye hard disk. Faili la GB 100 kwa intaneti ya megabiti 20 ni saa 11 na zaidi, kwa hiyo lianzishe usiku, asubuhi nenda moja kwa moja kwenye ile sekunde yako uangalie anga.