Mtuhumiwa, mshtakiwa, mfungwa: nani ni nani mahakamani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilisoma kichwa cha habari: "Mtuhumiwa wa wizi wa pikipiki aachiwa huru na mahakama." Baada ya siku mbili nikasoma kwamba "mtuhumiwa" yuleyule amepandishwa tena kizimbani kwa pikipiki ileile. Mtu aliyeachiwa huru anashtakiwaje upya? Halafu, huyu ni mtuhumiwa au mshtakiwa? Nyumbani kwetu wengine husema mshitakiwa. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mbalimbali, nami naona yote yana shina moja. Maneno ya mahakamani huenda na hatua ya kesi. Mwandishi akiruka hatua, msomaji hujikuta njia panda kama ulivyojikuta wewe. Kichwa ulichosoma kina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni hilo neno mtuhumiwa. Tuhuma ni ubaya anaodhaniwa mtu kabla haujathibitishwa. Anayesakwa na polisi, aliyekamatwa, anayehojiwa kituoni, aliyetoka kwa dhamana ya polisi, wote hao ni watuhumiwa. Wakenya humwita mshukiwa, na neno lao nalipenda, maana halifichi kwamba kinachomkabili ni shuku tu. Siku anaposimama mbele ya hakimu, akasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli, jina linabadilika. Sasa ni mshtakiwa. Kilichoongezeka ni karatasi: hati ya mashtaka yenye jina lake, kosa, kifungu cha sheria, tarehe na mahali. Tuhuma inaweza kuzagaa mtaani miaka bila mwenyewe kujulikana. Shtaka la jinai lina mwenyewe, nchini Tanzania ni Jamhuri, na huyo ndiye anayebeba mzigo wa kulithibitisha. Kwa hiyo mtu wako wa pikipiki, akiwa tayari mahakamani, alikuwa mshtakiwa.

Hebu tulifungue neno lenyewe. Tuhumu, tuhumiwa. Shtaki, shtakiwa. Ile -w- ni ya kutendwa: inaeleza kwamba huyu amefanyiwa jambo na mwingine. Hakuna hata herufi moja ndani ya mshtakiwa inayosema kwamba aliiba. Lakini mwizi, muuaji, mbakaji ni majina ya mtenda, yanamtaja mtu kwa kitendo chake. Mwandishi anayeandika "mwizi afikishwa mahakamani" amekwisha kutoa hukumu kabla hakimu hajafungua jalada. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kwamba ana hatia. Kwangu mimi katazo hilo linaihusu kalamu pia.

Hata kizimba kimebebeshwa lawama isiyo yake. Tundu la kuku huitwa kizimba, nadhani ndiyo maana "kupandishwa kizimbani" kunasikika kama kunaswa. Ila shahidi naye hupanda kizimbani kutoa ushahidi, tena pengine ni mtu mwema kuliko wote waliomo humo ndani.

Mshtakiwa asiyepata dhamana hupelekwa rumande, na huko huitwa mahabusu. Anaweza kulala gereza moja na wafungwa, akala chakula kilekile, na bado si mfungwa. Mfungwa ni yule ambaye ametiwa hatiani na anatumikia adhabu. Ukimwita mahabusu mfungwa, umemfunga wewe.

Kuna msemo mmoja unaoumiza watu kuliko yote haya, nao ni "kesi ya kujibu". Niliwahi kukaa kwenye benchi la nyuma katika mahakama moja ya wilaya. Mbele yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, kitenge amejifunga kichwani, amefuata kesi ya mwanawe. Hakimu akasoma uamuzi mdogo, akamaliza kwa kusema, "Mahakama inaona mshtakiwa ana kesi ya kujibu." Mama akaangua kilio, "Wamenifungia mwanangu!" Karani akamfuata, akainama karibu naye, akamwambia taratibu, "Mama, bado. Walikuwa wanaongea wao, sasa ni zamu ya mwanao kuongea." Sijapata kusikia msemo huo ukifafanuliwa vizuri zaidi. Upande wa mashtaka umemaliza mashahidi wake, na mahakama imeona kwamba waliyosema yanatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Kama hayatoshi, husemwa hana kesi ya kujibu, na hapo huachiwa huru bila hata kufungua mdomo.

Wengi waliusikia msemo huo redioni tarehe 18 Februari 2022, Mahakama Kuu ya Tanzania ilipoamua kwamba Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, na wenzake watatu wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, kabla utetezi haujaanza, Mkurugenzi wa Mashtaka akaijulisha mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Wakaachiwa. Mahakama haikupata nafasi ya kusema wana hatia au hawana.

Hapo ndipo lilipo kosa la pili la kichwa chako cha habari. Kuna kuachiwa na kuna kuachiwa huru. Mahakama ikisikiliza ushahidi ikaona mshtakiwa hana hatia, amemalizana na kosa hilo: hawezi kushtakiwa tena kwa jambo lilelile, ingawa upande wa mashtaka unaweza kukata rufani. Huyo ameachiwa huru. Lakini mwendesha mashtaka akiliondoa shtaka mapema, pengine kwa sababu hati ina kasoro au shahidi haonekani, mshtakiwa huachiwa tu, na kuachiwa huko pekee hakuzuii kumrudisha kwa kosa hilohilo. Ndiyo maana wengine wamewahi kukamatwa tena wakiwa bado kwenye ngazi za mahakama, ndugu wakiwa wamekwisha kupiga simu nyumbani chakula kipikwe. Magazeti huandika "afutiwa mashtaka" kwa hali zote mbili. Neno "huru" lingewekewa akiba kwa aliyeshinda kesi, wewe usingechanganyikiwa.

Pia ukisikia "amehukumiwa", uliza amehukumiwa nini. Hukumu ndiyo uamuzi wa mwisho wa mahakama, na inaweza kuwa ya kumwachia. Miaka ya kifungo au faini ni adhabu. Hakimu husoma hukumu, akimtia mtu hatiani humpa nafasi ya kujitetea apunguziwe, ndipo hutaja adhabu. Na kwa kesi za madai, zile za deni, mkataba au mpaka wa shamba, hakuna mshtakiwa kabisa. Kuna mdai na mdaiwa. Nimeona mzee mmoja akikataa kupokea wito kwa sababu umeandikwa mdaiwa, akisema yeye hajakopa kwa mtu. Mdaiwa hapo ni anayedaiwa jambo, hata kama ni njia ya kupita ng'ombe.

Nasisitiza haya kwa sababu. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili siku zote, lakini marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote Tanzania. Maneno tuliyozoea kuyatumia kijuujuu kijiweni sasa yanaandikwa katika hukumu za ngazi za juu, na mtu anaweza kupata au kukosa haki yake kwa uzito wa neno moja.

Kuhusu mshtakiwa na mshitakiwa, watu wa nyumbani kwako hawajakosea. Ile i imeingizwa kuzitenganisha konsonanti mbili zilizobanana, kama wanavyofanya wanaosema kushituka badala ya kushtuka. Mimi huandika mshtakiwa na mashtaka, kwa sababu ndivyo ofisi zenyewe zinavyoandika, mathalani Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ukipenda mshitakiwa, basi andika na mashitaka habari nzima, usichanganye.

Ningekuwa mimi mhariri wa gazeti lako, siku ya kwanza ningeandika: "Shtaka la wizi wa pikipiki laondolewa, mshtakiwa aachiwa." Siku ya pili: "Ashtakiwa upya kwa wizi wa pikipiki."