Wote ni akina nani?

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Serikali ikisema huduma ni ya wote, wewe huelewa nini?" Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii mtaani Obunga, Kisumu. Akina mama wa huku hutuita nyamrerwa. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kusajilia watu, kwa hiyo swali hili nakutana nalo kila siku. Kwangu mimi, huduma ya wote ni ile inayompokea mtu kwanza. Ikianza kwa kumuuliza ana nini mfukoni, hiyo ni ya wenye nacho.

Ahadi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata uliokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, mataifa yaliahidi afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. (Wasovieti hao ndio walioisaidia Kisumu kujenga hospitali ambayo sisi wenyeji tunaiita Russia mpaka leo.) Mwaka 2000 ulikuja ukapita.

Kisha Desemba 2018 mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa hapahapa Kisumu, ukajaribiwa katika kaunti nne. Kila kaunti ilikuwa na sababu yake: sisi kwa magonjwa ya kuambukiza, Nyeri kwa kisukari na maradhi kama hayo, Machakos kwa ajali, Isiolo kwa vifo vya akina mama wajawazito na maisha ya kuhamahama. Wakati huo ukisajiliwa, hospitali ya umma ilikuwa haikutozi. Hospitali zilifurika, na wapo waliosema wananchi wanapenda vya bure. Nawapinga mpaka leo. Hakuna anayependa kushinda kwenye foleni ya wagonjwa. Wale walikuwa watu waliokuwa wakiugulia ndani kwa sababu ya ada, na ilipoondolewa wakatoka.

Tangu Oktoba 2024 tuna SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, badala ya NHIF, ile bima ya zamani. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, yeye hata hahisi hatua yoyote. Asiyeajiriwa hujibu maswali kwenye simu, mtambo unamkadiria mchango, na amepangiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo.

Nilimsajili mama mmoja anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Alinijibu huku akigeuza samaki karaini. Kuta ni za nini? Paa je? Maji mnateka wapi? Mnapikia nini? Mnaishi wangapi? Tulipofika kwenye malipo akaweka mwiko chini. "Nyamrerwa, mimi unga wenyewe nanunua wa kupima, wa leo leo. Huo mwaka mzima nitautoa wapi?"

Sheria inasema serikali itawalipia wasiojiweza, na hilo ni jema. Lakini mama huyu ana paa la mabati, ana simu, ana biashara. Kwenye fomu anaonekana anajiweza. Sasa kuna Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango, ila inaniuma kuona mtu akikopa ili ahesabiwe miongoni mwa wote. Tena si kwamba hachangii. Kila siku anatoa ushuru wa soko, na kuna kodi ndani ya mafuta ya taa na ndani ya salio la simu yake.

Zahanati na kituo cha afya cha serikali hazidai mchango, mradi umesajiliwa. Hapo ahadi inatimia, nami huwapeleka watu bila wasiwasi. Wasiwasi huanza daktari akiandika barua ya rufaa, kwa maana huko hospitali kubwa mchango hudaiwa.

Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, waliopanga walikuwa na watoto akilini. Januari 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akavaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Alitaka kujua kusoma ili ajisomee Biblia. Hakuna fomu iliyomkadiria uwezo wake. Sera iliyosema wote ilimchukua hata mtu ambaye haikumtarajia, na ndivyo ninavyotaka hospitali zetu ziwe: zigharimiwe kwa kodi, kama zahanati zinavyogharimiwa, hadi kitanda cha mwisho cha rufaa.

Mpaka hapo tutakapofika, naomba gazeti lenu lisaidie kwa jambo moja. Wizara ikitangaza mamilioni waliosajiliwa, waandishi wenu waulize ni wangapi kati ya wasioajiriwa waliolipa, kaunti kwa kaunti.