Kabla hujang'oa 2F, irudishie nguvu zake

Mwenye Land Cruiser FJ45 akilalamika kwamba pikapu yake haivuti, jibu atakalopewa kijiweni ni moja: weka 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, umalize shida. Hiyo 1HZ ni injini nzuri, sibishi. Ila inaniuma kuona 2F nzima, injini za petroli za gari hizi, zinauzwa kama vyuma chakavu kwa sababu tu hakuna aliyekaa nazo na fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi ndogo. Mimi naendesha pikapu ya aina hiyo kati ya Mafinga na Iringa, nabeba mbao na mahindi. Nguvu karibu zote nilizozipata sikuziongeza mahali popote, zilikuwa mle mle ndani zikivuja.

Ijue kwanza injini yenyewe. Ina silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 4,230, na ilianza kufungwa mwaka 1975. Kilele cha mvuto wake kipo kwenye mizunguko kama 1,800 tu kwa dakika, kwa hiyo ni injini ya kupanda mlima na mzigo ikiwa imetulia. Mtu akikushauri ufunge kamshafti ya mbio, mshukuru uendelee na safari yako.

Anza kwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na kabureta imefunguliwa mpaka mwisho. Ukikuta silinda iko chini, tia oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Usinunue kitu chochote kabla ya kipimo hiki.

Kisha tapeti, yaani nafasi inayoachwa juu ya kila valvu. Injini ikiwa ya moto, valvu za kuingiza ni milimita 0.20 na za kutoa ni 0.35. Wengi wanapenda tapeti zisizosikika, na hapo ndipo injini inapoharibika. Tapeti iliyobanwa sana inaiacha valvu wazi kidogo, inaungua, nguvu inapotea polepole bila wewe kujua. Acha zigonge kidogo. Siku hizi ambapo petroli yetu haina madini ya risasi, mimi nazikagua mara nyingi zaidi kuliko wazee walivyokuwa wakifanya, maana viti vya valvu vikilika, nafasi ile inapungua.

Sasa tuje kwenye manifoldi, na hapa naomba usikimbie. Katika 2F, manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja na zimefungwa pamoja, ili joto la moshi lisaidie petroli kugeuka mvuke. Baada ya miaka arobaini ya kupata moto na kupoa, zinapinda. Injini inaanza kuvuta hewa pembeni, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, na fundi anahangaika na kabureta isiyo na kosa. Washa injini asubuhi ikiwa bado baridi, unyunyizie maji kwenye maungio ya manifoldi na hedi. Mlio ukibadilika, umepata. Kubadilisha gasketi peke yake hakutadumu kama chuma kimepinda. Funga manifoldi zote mbili pamoja, uzipeleke kwa watu wa mashine wazisawazishe zikiwa zimeungana vile vile. Ukisawazisha moja moja, ukija kuzifunga hazitalala sawa. Kazi hii peke yake iliibadilisha gari yangu kuliko kitu kingine chochote.

Kwa sababu ya joto lile la moshi sipendi hedazi, yale mabomba yanayofungwa badala ya manifoldi ya moshi, kwa sisi wa nyanda za juu. Ukiondoa manifoldi ya moshi umeondoa na lile joto, na asubuhi ya baridi ya Mafinga gari itakohoa mpaka uchoke.

Kwenye distributa, inayogawa moto kwa plagi, toa mpira wa vakyumu uvute kwa mdomo. Ukipitisha hewa, diaframu imepasuka na taimingi, yaani wakati wa plagi kuwaka, haisogei mbele inavyotakiwa. Taimingi ya kiwandani ni digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu, nayo unaisoma kwa gololi iliyopachikwa kwenye flaiwili, kupitia dirisha dogo la kava. Lakini huku juu hewa ni nyepesi. Kwenye mita 1,800 injini isiyo na taabo (turbo) inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na kabureta iliyopangwa Dar es Salaam inamwaga petroli kupita kiasi, plagi zinatoka nyeusi. Punguza jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, sogeza taimingi mbele digrii chache, usikilize ukiwa mlimani na mzigo. Ikigonga, irudishe.

Halafu tazama matairi. Gari hizi zilitoka na 7.50-16, kipenyo kama inchi 32. Ukifunga ya inchi 35 kwa ajili ya sura, difu yako yenye uwiano wa 4.11 inakuwa kama 3.76, halafu unailaumu injini kwenye mlima wa Kitonga. Na ukisimama baada ya safari, gusa kila ringi ya gurudumu kwa tahadhari. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki inayong'ang'ania.

Ukishamaliza hayo na bado una hela, fungua hedi. Kompresheni ya kiwandani ni 7.8 kwa 1, ya chini kabisa kwa petroli ya leo, hivyo kuskimu hedi, yaani kuipunguza uso, kiasi na kusaga valvu vizuri kunaleta mvuto unaousikia mguuni. Bomba la ekzosi la inchi mbili na nusu linatosha.

Petroli itaendelea kunywa, hilo halina dawa. Kama kila wiki unashuka Dar na mzigo, funga hiyo dizeli. Kama kazi yako ni shambani, mbaoni na mjini kama mimi, baki na 2F.