Dripu kabla ya sindano ya mgongo: yaliyonikuta kwa watoto wawili

Juzi usiku msomaji wa Mbagala kaniandikia: "Dada, nimepangiwa operesheni ya kujifungua Alhamisi. Wanasema nitawekewa dripu kwanza ndipo nichomwe sindano ya ganzi ya mgongo. Hayo maji hayatamdhuru mtoto?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha usingizi ukanipaa. Swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi kabla ya binti yangu wa kwanza.

Siku ile chupa mbili za nusu lita zilikimbizwa mpaka mkono ukawa wa baridi hadi kwenye kiwiko. Nikakunja mgongo, nikachomwa. Miguu ikapata joto, ikawa mizito. Mara kichefuchefu kikanipanda, masikio yakavuma, nikaona naondoka. Nikanyamaza! Nimekuzwa nikiambiwa mwanamke wa shoka halalamiki akijifungua. Mtaalamu wa usingizi ndiye aliyeona kwenye mashine: "Mama, mbona husemi? Presha imeshuka!" Akanichoma dawa kwenye mpira wa dripu, wakaniinamisha kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa. Haikupita muda nikarudi.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ganzi ile hulegeza mishipa ya damu, damu inatuama chini, presha inaanguka, na damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua. Ikidumu hivyo, mtoto anakosa hewa. Dripu inasaidia kujaza mishipa, lakini maji peke yake hayatoshi. Siku hizi wengi huyakimbiza wakati uleule wa sindano, na dawa ya kupandisha presha, fenilefrini au efedrini, inakaa tayari. Kwa hiyo mdogo wangu, usihesabu chupa. Kichefuchefu kikija, sema papo hapo. Sema kwa sauti. Kama una presha ya mimba, mkumbushe mtaalamu wa usingizi kabla, maana maji yakizidi yanaweza kuingia mapafuni.

Binti yangu alilia vizuri, alama za Apgar, kipimo cha hali ya mtoto anapozaliwa chenye alama 10, zilikuwa 8 kwenye dakika ya 1 na 9 kwenye dakika ya 5. (Virginia Apgar, Mmarekani aliyebuni kipimo hicho mwaka 1952, naye alikuwa daktari wa usingizi. Najivunia kulijua hilo.)

Kilichoniumiza ni mizani. Alizaliwa na kilo 3.4, siku ya tatu akawa 3.1. Wifi yangu akasema mbele ya wageni kwamba maziwa yangu ni maji matupu, na siku hiyohiyo kopo la maziwa ya unga likaingia ndani. Nililia chooni huku kifua kimejaa. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto mchanga kupungua siku za mwanzo ni kawaida, wala kwamba maji ya dripu ya mama yanamfikia mtoto, anazaliwa akiwa ameyabeba, kisha anayatoa kwa mkojo. Kuna watafiti wanaopendekeza uzito wa saa 24 ndio uwe wa kuanzia kuhesabu. Akipungua karibu asilimia 10, ndiyo, muone mtaalamu, anyonyeshwe mkiangaliwa. Lakini kopo lisiwe jibu la kwanza. Jamani, tuache kuwahukumu wazazi kwa mizani ya siku ya tatu! Hesabu nepi zilizolowa, mnyonyeshe usiku na mchana, umuweke kifuani.

Mwezi uliopita nimejifungua wa pili. Safari hii nilizungumza na mtaalamu wa usingizi kabla hajagusa mgongo wangu, nikamweleza yaliyonikuta. Kichefuchefu kilipoanza tu nikasema, "Kinakuja." Dawa ikaingia kabla sijamaliza sentensi.

Nikaomba mtoto apimwe tena baada ya saa 24. Nesi akaandika kwa kalamu ya bluu chini ya uzito wa kuzaliwa: 3.3, kisha 3.15. Wifi alipokuja kutoka Tabata na kopo kwenye mkoba, nilimpa kadi aisome, na mtoto alikuwa ziwani.