CIF Dar es Salaam: hatari ya njiani ni ya mnunuzi

Ndugu yangu, umeuliza uchukue bei ipi kati ya mbili ulizopewa na muuzaji wa China kwa mashine ya kutengenezea barafu ya samaki, FOB Shanghai (bei inayoishia mzigo kupakiwa melini kule) au CIF Dar es Salaam (bei yenye nauli ya meli na bima hadi bandari hiyo), na wachangiaji wawili wamekushauri uchukue CIF kwa kuwa mzigo ukiharibika baharini hasara ni ya muuzaji. Ushauri huo si sahihi. Nami niliamini hivyo nilipoagiza mashine kama hiyo kwa ajili ya mwalo wetu hapa Mwanza.

Katika masharti haya ya mauzo ya kimataifa, yaitwayo Incoterms, ambayo Chama cha Kimataifa cha Biashara kiliyatoa mara ya kwanza mwaka 1936 na ambayo toleo lake la sasa ni la 2020, gharama na hatari si lazima zihame pamoja. Chini ya CIF muuzaji hulipa nauli ya meli na bima hadi bandari iliyotajwa, lakini hatari huwa yako tangu mzigo unapopakiwa melini kule Shanghai, sawa kabisa na FOB. Mashine yangu ilifika kreti limevunjika na mabomba ya gesi yamepasuka. Muuzaji alinionyesha hati ya shehena isiyo na dosari yoyote, na kwa mujibu wa mkataba alikuwa na haki. Nikageukia bima, nikaelezwa kwamba CIF humlazimu muuzaji kukata bima ya kiwango cha chini tu, ile ya Vifungu C, ambayo hulipa majanga kama moto na meli kuzama, kukwama au kugongana, wala hailipi mashine iliyovunjika kwa kutikiswa.

Kwa hiyo, kabla hujatuma malipo ya awali, dai bima ya Vifungu A, iliyo pana zaidi, na hati yake itaje Mwanza kuwa mwisho wa safari. Ikiwa mashine itasafiri ndani ya kontena, omba pia bei ya CIP Mwanza (yenye usafiri na bima hadi Mwanza): hatari itahamia kwako mapema zaidi, muuzaji anapokabidhi mzigo kwa msafirishaji wa kwanza, lakini toleo la 2020 linamlazimu akate bima hiyo pana na alipe usafiri hadi huku. Ushuru wa forodha utabaki wako. Ukibaki na CIF Dar es Salaam, basi wakala wa forodha, tozo za bandarini na lori la zaidi ya kilomita 1,000 vyote uviweke kwenye hesabu yako sasa hivi, maana bei ile haivigusi.